Karibu Tena

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Mtopanga, Mbeyu alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja na kuota ndoto. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Alisimama bombani na ndoo yake, ameduwaa, akiitazama taa ya barabarani iliyosahauliwa kuzimwa. Wenzake waliona taa. Yeye aliona ua kubwa la manjano lisilo na ukingo, limechanua hewani peke yake. Alilitazama mpaka maji yakafurika na kumlowesha miguu.

"Mbeyu," mamake aliita kutoka mlangoni. "Ndoo imejaa zamani. Hayo maji wamwagia nani?"

"Abee, mama," Mbeyu aliitika, akazinduka.

Mamake aliitwa Kadzo. Alikuwa akifanya kibarua cha kutandika vitanda katika hoteli moja kule Shanzu. Aliondoka kukiwa bado na umande, akarudi jioni miguu imemvimba, na hata hivyo hakukosa mzaha. Alizoea kusema kwamba mwana wake ana miaka kumi na minne ya kuzaliwa na mingine kumi na minne ya kuota.

Lakini lile ua la manjano halikuwa ndoto tupu. Macho ya Mbeyu yalikuwa hayaoni mbali. Kitu kikiwa karibu na pua alikiona sawasawa. Kikisogea hatua mbili, kilianza kuyeyuka. Darasani, ubao wote ulikuwa ukungu mweusi wenye michirizi myeupe, naye alinakili kila kitu kutoka daftari la rafiki yake Swabra. Mwalimu akiuliza, "Mnaona?" Mbeyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, "Tunaona." Neno "naona" likamzoea ulimi. Halafu likazaa nduguye, "najua", nalo likawa halikauki mdomoni mwake.

Mbona hakusema? Si kiburi. Siku moja alimsikia mamake akimwambia jirani, "Mwaka huu nikitwikwa mzigo mwingine, shingo itavunjika." Mbeyu aliliweka neno hilo moyoni. Akaamua kwamba miwani ataitafuta mwenyewe, kwa jasho lake, na siku atakayoivaa ndiyo siku mamake atakayojua. Alikwishaiota siku hiyo mara nyingi, mpaka anaijua rangi ya nguo atakayokuwa amevaa.

Basi mwezi wa saba, shule zikikaribia kufungwa, Swabra alimletea habari njema wakati wa mapumziko.

"Shangazi yangu ataka msichana wa kumsaidia dukani," alisema. "Jumamosi, na siku za likizo, asubuhi hadi alasiri. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Mbona hukujitaja mwenyewe?"

"Wallahi, mimi shangazi anijua. Amesema nikikaa pale siku moja, nusu ya marashi nitajimwagia mwenyewe." Swabra alicheka. "Lakini yuataka kukuhoji kwanza. Hata nikikusifu mpaka mbinguni, atakuhoji."

Jioni ile Mbeyu alimweleza mamake. Kadzo alikuwa ametia miguu katika beseni la maji ya chumvi, akiituliza. Alisema huyo shangazi, Bi Zubeda, anamjua kwa jina zuri, na kazi nyepesi ya Jumamosi haimuui mtoto, mradi masomo yasilegee.

"Na hizo hela za nini, mwanangu?" aliuliza.

"Za mambo ya shule," alijibu Mbeyu, akageuka haraka kukoroga uji ambao haukuwa umeomba kukorogwa.

Jioni zilizofuata walifanya mazoezi uani kwa kina Swabra. Swabra alijitanda leso ya mamake, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifanya ndiye Bi Zubeda. Mbeyu alibisha hodi kwenye mlango wa choo, kwa kuwa ndio mlango pekee uliokuwa wazi, akaingia na kuamkia. Waliyapanga maswali na majibu yake. Lakini kilichompendeza Mbeyu kupita vyote ni maneno ya kumuagia mteja. Waliyatoa kwa msichana wa kaunta katika duka kubwa la kujihudumia, yule asiyemwacha mtu aondoke bila kumwambia, "Asante, karibu tena."

"Tabasamu kwanza," Swabra alimfundisha. "Halafu 'asante'. Halafu uinamishe kichwa. Halafu 'karibu tena'. Mteja akisikia hivyo, hata kama hakutaka kurudi, miguu itamrudisha yenyewe."

Mbeyu aliyasema maneno yale njiani. Aliyasema bombani. Aliyasema usingizini, mamake akamsikia na kujiuliza mwanawe anamkaribisha nani kitandani.

Jumamosi ikafika. Duka la Bi Zubeda lilikuwa Bakarani, halina kibao wala jina. "Fuata pua yako," Swabra alikuwa amemwambia, na kweli pua ndiyo iliyomfikisha. Kwanza harufu ya maandazi, halafu ya samaki wa kupaka, halafu ghafla vyote vikakaa kando na njia ikajaa udi.

Ndani kulikuwa na giza la kupendeza. Chetezo kilifuka moshi pembeni, na moshi ule ulipanda polepole, ukapita mbele ya rafu zilizojaa chupa, ukapotea darini. Miale ya jua iliingia kupitia tundu za bati na kuzigusa chupa. Kwa macho ya Mbeyu, kila chupa ilikuwa taa ndogo ya rangi yake: ya dhahabu, ya waridi, ya kijani cha majani machanga. Alihisi ameingia ndani ya ile ndoto yake ya asubuhi na mtu akafunga mlango nyuma yake. Alitamani asitoke humo maisha yake yote.

"Waota au wabisha hodi?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Hodi. Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Mbeyu? Swabra amekusifu hata nimeogopa. Haya, keti."

Bi Zubeda alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu. Mbeyu alipokuwa amekaa karibu hivyo, aliweza kuuona uso wake, na macho yale yalimtazama kwa upole lakini hayakumbanduka.

"Kwa nini wataka kazi kwangu?"

"Napenda kuhudumia watu," Mbeyu alijibu kama alivyofundishwa.

"Hilo la Swabra hilo. Mteja akija na ulimi mkali?"

"Nitamjibu kwa upole, Bi Zubeda. Ulimi mkali hauchomi mtu anayenyamaza."

"Hilo la nani?"

"La mama."

Bi Zubeda alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Na akija mteja asiyejua atakalo? Wako wengi. Husimama hapo, 'Nipe kitu kinachonukia vizuri.' Utampa nini?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Mbeyu aliutazama moshi wa chetezo, akajisahau, akasema lililomjia. "Nitamuuliza anataka kukumbuka nini. Mimi nikisikia harufu ya rihani, namkumbuka bibi yangu alivyokuwa akinisuka. Sijui kama wengine wako hivyo."

Bi Zubeda aliiondoa chupa iliyokuwa kati yao, akaiweka kando.

"Nimeuza marashi miaka mingi, na sijapata kumuuliza mtu hivyo," alisema. "Sasa yaliyobaki ni madogo. Yale maandishi kwenye chupa kule rafuni, wayaona?"

Mbeyu aliinua macho. Aliona taa za rangi, na juu ya kila taa, kijikaratasi cheupe kilichoyeyuka. Hapa ndipo angesema. Lakini kazi ilikuwa karibu sana, na miwani ilikuwa nyuma ya kazi, na siku ile ya ndotoni ilikuwa nyuma ya miwani.

"Nayaona," alisema.

"Na vilivyomo ndani, wavijua matumizi yake?"

"Navijua."

Msikiti wa jirani ukaadhini adhuhuri. Bi Zubeda aliinuka. "Vyema. Mimi naenda kuswali hapo nyuma ya pazia. Akija mteja, muuzie. Bei usihofu, wateja wangu wazijua kunishinda."

Pazia lilipoanguka, Mbeyu alisimama nyuma ya kaunta. Aliiweka mikono yake juu ya ubao uliosuguliwa kwa miaka mingi ukawa laini. Alikuwa muuzaji. Aliwaona wateja wa ndotoni wakiingia mmoja mmoja, kila mmoja na kumbukumbu yake, naye akiwapimia marashi na kuwaaga kwa tabasamu. Hata hakusikia mteja wa kweli alipoingia.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," alijibu Mbeyu, akashtuka. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu mwenye kanzu nyeupe. Mwanga ulikuwa nyuma yake, na uso wake, kwa Mbeyu, ulikuwa kivuli tu.

"Nipe marashi chupa mbili," mtu yule alisema taratibu. "Na udi. Na pamba. Na kafuri."

Kanzu nyeupe, marashi, udi. Mbeyu aliona harusi. Aliwaona wanawake wakipiga vigelegele, bibi harusi amefukizwa, na mzee huyu ndiye babake. Alipanga marashi, udi na pamba kwa furaha. Kisha akafika kwenye kafuri, mkono ukasita.

Kafuri ni nini? Hakujua. Mbele ya udi kulikuwa na chupa mbili pana, moja kando ya nyingine, zote zina vipande vyeupe. Angeweza kuishusha moja na kuisogeza puani aisome karatasi yake, lakini mteja angeona kwamba haoni. Angeweza kuita, "Bi Zubeda, kafuri ni ipi?" lakini alikwisha kusema anajua. Na pua nayo, baada ya moshi wote ule, ilikuwa imechoka. Basi akachagua ile yenye vipande vinavyong'aa zaidi, akavifunga kwa karatasi, akampa.

Mtu yule alilipa. Mbeyu akatabasamu hata meno ya nyuma yakaonekana, akainamisha kichwa.

"Asante sana, mzee. Karibu tena."

Mtu yule hakuondoka mara moja. Alikuwa kama anayetaka kusema kitu, kisha akageuka, akatoka na vifurushi vyake. Mbeyu alifurahi kwamba maneno yake yamemgusa.

Bi Zubeda alirudi akikunja msala. "Nimesikia sauti. Ni nani?"

"Mzee mmoja mrefu, ana kanzu. Amenunua marashi, udi, pamba na kafuri."

Bi Zubeda aliuacha msala mikononi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema kwa sauti ya chini. "Basi Bi Mwanakombo ametutoka. Huyo ni Ismail, mwanawe. Walimtoa hospitali juzi, wakaambiwa wamtunze tu nyumbani. Nawe ulimwambiaje, mwanangu?"

"Nilimwambia asante. Nikamwambia karibu tena."

Moshi wa udi uliendelea kupanda, hauna habari.

"Sikiliza," Bi Zubeda alisema mwishowe. "Kafuri twaitia katika maji ya mwisho anayooshwa maiti. Mtu akija kwa kafuri, au kwa sanda, haambiwi karibu tena. Ukimwambia arudi, wamwambia arudi kwa maiti mwingine. Huambiwa, 'Pole, Mungu awape subira,' basi. Mimi nimekuuliza kama wavijua matumizi yake, ukaniambia wavijua."

"Nisamehe, Bi Zubeda."

"Wewe si wa mila hii, na kosa la ulimi husameheka. Nitamwombea radhi Ismail mwenyewe nikienda mazikoni." Alimtazama, uso wake ukalainika. "Lile neno lako la kumbukumbu limenikaa. Jumamosi ijayo njoo uanze kazi. Rudisha chupa mahali pake, halafu nenda ukamwambie mamako."

Kazi amepata! Mbeyu alihisi miguu ni myepesi. Aliichukua ile chupa pana ili airudishe rafuni, na kwa kuwa sasa hakuna aliyemtazama, aliisogeza puani, akayasoma maandishi.

SHABU.

Aliisoma tena. Shabu aliijua, bibi yake alikuwa akiitia kwenye maji ya kisima yatulie tope. Aliinua chupa ya pili, akaisogeza puani. KAFURI. Ilikuwa imejaa mpaka juu, haijaguswa.

Bi Zubeda alikuwa amempa mgongo, anatafuta buibui lake. Akinyamaza, nani atajua? Vipande ni vyeupe, hivi na vile. Nyumba ya msiba ina watu wengi na mambo mengi. Akisema, kazi imekwenda, na miwani imekwenda nayo, na ubao utabaki ukungu mwaka huu na mwaka ujao. Mbeyu alisimama katikati ya lile duka zuri na zile taa zake za rangi, akatamani kulia. Alimfikiria mama mzee asiyemjua, aliyelala akingoja maji yake ya mwisho. Huyo hawezi kudai wala kulalamika.

"Bi Zubeda," aliita, na sauti ilitoka ndogo. "Nimempa shabu."

"Umempa nini?"

"Shabu badala ya kafuri. Sikuweza kuyasoma maandishi. Macho yangu hayaoni mbali. Nilikudanganya uliponiuliza."

Bi Zubeda hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mbeyu. Alijifunika buibui, akafunga kafuri kwenye karatasi, akamwomba fundi cherehani wa mlango wa pili amwangalizie duka.

"Shika," alisema, akimkabidhi kifurushi. "Aliyekosea ndiye anayerekebisha. Mimi nitakuwa kando yako, lakini maneno utasema wewe."

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili. Wanaume walikuwa wameketi juu ya majamvi nje, na ndani kulisikika wanawake wakisoma kwa sauti ya pamoja, ya kupanda na kushuka. Bwana Ismail aliwaona, akaja. Kwa mara ya kwanza alisimama karibu vya kutosha Mbeyu akauona uso wake. Macho yalikuwa mekundu, na ndevu zake zilikuwa hazijachanwa. Uso ule ungemwambia kila kitu pale dukani, kama angeuona.

"Shikamoo, mzee," alisema Mbeyu, akimnyooshea kifurushi. "Nilikupa shabu, si kafuri. Sikuona vizuri, na sikuuliza. Kafuri ni hii. Tena nilikwambia neno baya. Nisamehe."

Bwana Ismail alikipokea kifurushi. Wanawake waoshaji walikuwa bado hawajafikia maji ya mwisho, alisema, kafuri imewahi.

"Lile neno," aliongeza polepole, "nililibeba njia nzima. Nikajiuliza, nirudi tena kwa nani? Mama nilikuwa naye mmoja."

Mbeyu alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka. Bwana Ismail alimwekea mkono kichwani, mkono mzito wa mtu aliyechoka, kisha akaingia ndani na kafuri yake. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Siku ile alikuwa na mengine.

Waliondoka. Walipofika penye njia ya Mtopanga, Bi Zubeda alisimama.

"Ile kazi ya Jumamosi, siwezi kukupa," alisema. "Dukani kwangu kuna vitu vya bi harusi na vitu vya maiti, na muuzaji lazima aone anachoshika. Mamako ajua habari ya macho yako?"

"Hajui."

"Mwambie leo. Si kesho, leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kadzo alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ilipokwisha, aliketi. Mbeyu alingoja ile shingo ivunjike.

"Hukuniambia kwa nini?" mamake aliuliza.

"Ulisema hutaki mzigo mwingine."

"Mzigo?" Kadzo alimvuta, akamkalisha kando yake. "Mwanangu, mzigo ni mtoto asiyeona na mamake hajui. Mimi nilikuwa nikikucheka kwa kuota, kumbe nacheka macho yako." Naye akalia, wakalia wote wawili, halafu Kadzo akapangusa uso na kuuliza kama uji umeungua, kwa sababu uji ulikuwa umeungua.

Wiki ile mamake aliwaomba wenzake wa mchezo, wale wanawake wa hotelini wanaochangiana kwa zamu, wampe zamu yake mapema. Wakakubali. Mbeyu alipelekwa kliniki ya macho, akasomeshwa herufi ukutani, kubwa mpaka ndogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema, "Hiyo siioni." Daktari hakushangaa. Aliandika tu.

Asubuhi ya kwanza ya miwani, Mbeyu alikwenda bombani, akainua macho. Taa ya barabarani ilikuwa taa, ndogo, ina vumbi na mdudu mmoja aliyekufa ndani ya kioo. Ua la manjano halikuwapo, na akalisikitikia kidogo. Lakini nyuma ya taa kulikuwa na mnazi, na mnazi ule ulikuwa na makuti, na kila kuti lilikuwa na majani yake membamba, moja moja, yanatikisika. Hakuwa amejua kwamba watu wengine wanaona haya yote bure kila siku. Ndoo ikafurika kama kawaida.

Alirudi Bakarani peke yake. Hakufanya mazoezi na Swabra safari hii.

"Hodi, Bi Zubeda. Nimekuja kuhojiwa tena, kama wapenda."

Bi Zubeda aliitazama ile miwani kwa muda mrefu. "Yale maandishi kule rafuni, wayaona?"

Mbeyu aliyasoma yote, kutoka juu mpaka chini: halwaridi, asumini, ubani, shabu, kafuri.

"Na matumizi yake wayajua?"

"Baadhi siyajui," alijibu Mbeyu. "Ile chupa ya pembeni sijui hata ni ya nini."

"Basi waanza leo," alisema Bi Zubeda. "Aliyeniambia 'navijua' sikuwa na la kumfundisha. Huyu aniambiaye 'sijui' naweza kukaa naye. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kunyamaza ukampa mtu shabu."

Likizo ikapita, muhula ukaanza, na Mbeyu akawa msichana wa Jumamosi. Aliota bado, nani angemzuia, lakini kivuli kikitokea mlangoni alizinduka na kumtazama mtu usoni kwanza, ndipo akamuuliza atakalo. Wenye msiba waliambiwa pole na kuombewa subira. Hawakuambiwa zaidi.

Jumamosi moja, mvua za vuli zimeanza, aliingia mwanamume mrefu mwenye kanzu nyeupe. Mbeyu alimtambua akiwa bado mlangoni. Ndevu zilikuwa zimechanwa. Macho hayakuwa mekundu tena.

"Shikamoo, mzee Ismail."

"Marahaba. Nipe marashi, na udi ule mzuri, na asumini kama ipo." Alitabasamu kidogo. "Twafanya akika, karamu ya mtoto mchanga. Nimepata mjukuu wa kike. Tumemwita Mwanakombo."

Mbeyu alipima, akafunga, akaongeza kipande cha udi ambacho hakuombwa. Bi Zubeda aliona, akajifanya kupanga chupa. Bwana Ismail alilipa, akachukua vifurushi vyake, lakini hakuondoka. Alisimama vilevile kama siku ile.

"Mbona huniambii?" aliuliza.

"Nikwambie nini, mzee?"

"Lile neno lako."

Mbeyu aligeuka kumtazama Bi Zubeda.

"Mwambie," alisema Bi Zubeda. "Neno ni lile lile, mwanangu, halikuwa na kosa. Kosa ni kulisema kabla hujamwona unayemwambia. Leo umemwona."

Mbeyu aliisukuma miwani yake juu ya pua, akamtazama Bwana Ismail vizuri, na mikunjo yote iliyokuwa kandokando ya macho yake.

"Asante, mzee," alisema. "Karibu tena."